Kaseti ya Mwisho

Kambi ya bakimbizi ya Dzaleka, Jumanne

Eti natafsiri filamu kama mutu anasoma tangazo la msiba! Papa Neema alisema vile mbele ya bantu bote, na banda lote la video likamupigia makofi. Yeye fundi cherehani, Kiingereza hata salamu hajui.

Mi njo nilienda mpaka Lilongwe, Old Town, kutafuta kaseti za hii seri mpya ya filamu, mutoto wa ile ya zamani tulikuwa tunaangalia Uvira mbele vita ianze. Lakini bantu habaitaki. Bantu ba hii mpya bamepotea na chombo chabo mbali kule kwenye nyota, banatafuta njia ya kurudi kwabo.

"Bakimbizi tunabaona kila siku ku foleni ya mahindi!" Papa Neema akapiga kelele. "Turudishie kapiteni wetu wa ile seri ya zamani!"

Hata mi namukumbuka yule kapiteni. Lakini kunicheka vile...

Kesho batarudi bote, ni kaseti ya mwisho. Mi nimeisha kuiona. Chombo kinafika kwabo, bote banalia. Papa Neema ataniuliza banalia nini.

Kiingereza hajui, ataamini tu: nitamuambia pale si kwabo. Ni inchi ya bengine, bamepewa tu ruhusa ya kungoja.