Bonde Letu Lilivyoonekana kutoka Juu

Pradel, milima ya Belluno
18 Novemba

Mwanangu Dario,

Habari za huko Perth? Joto halijawachosha? Mimi sijambo, ila kifua kinanikwaruza. Jiko ulilonitumia limenipumzisha na shoka. Namimina vidonge vya unga wa mbao, nabonyeza kitufe, na moto unatulia nyuma ya kioo kama uliofugwa. Jirani yetu Olinda huja kuutazama huku akimaliza polenta yangu, ugali wetu wa mahindi, eti nimekuwa bibi wa mjini. Naye keshanunua lake. Sasa karibu kila nyumba inalo.

Mama yako

Perth
6 Desemba

Mama mpendwa,

Sisi wazima, mkweo anakusalimu. Hicho kifua kinanitia wasiwasi, nenda kwa daktari. Lakini usidhani ni jiko, mama. Muuzaji alinihakikishia kwamba moshi wake hata hauonekani.

Mwanao Dario

Pradel
14 Januari

Dario mwanangu,

Natumaini hamjambo. Daktari alisikiliza mapafu yangu, akauliza tunaota moto wa nini. Nilipomjibu, alisema nikiweza nipande juu nikajionee. Nikamburuta Olinda hadi kwenye kanisa dogo la malishoni, tukipumzika kila kona.

Mwanangu, nilisahau baridi. Juu jua linawaka, theluji inameta, anga bluu hadi inatisha. Chini, bonde zima limejaa moshi, umetanda bapa toka mlima hadi mlima kama maziwa bakulini. Hewa ya baridi imeushikilia chini, hauna pa kutokea. Ncha ya mnara wa kanisa la kijijini tu ndiyo iliyochomoza. Olinda, asiyenyamaza hata msibani, akaninong'oneza tu, "Nives, tunarudi mle?"

Tukarudi. Kwetu ni mle.

Mama yako

Perth
9 Februari

Mama,

Hujambo? Simu hupokei, barua hakuna. Kama umenikasirikia kwa ajili ya jiko, niandikie hivyo hivyo. Niko tayari kupanda ndege.

Mwanao

Pradel
3 Machi

Dario wangu,

Poleni kwa wasiwasi. Nilikuwa nimelazwa kwa ajili ya mapafu. Sasa niko nyumbani, napumua, nakula.

Olinda, bila kuniuliza, alipita kila nyumba akieleza tulichokiona. Arturo, mwoka mikate, akamtania kwamba labda moshi wa Olinda mwenyewe unanukia waridi. Hata hivyo Jumapili baada ya misa walipanda, Arturo akiwemo, apate la kucheka. Walipofika juu wakavua kofia kama wako altareni. Arturo alitazama chini muda mrefu, akitafuta dohani lake.

"Moshi wangu ni upi pale?" akauliza.

Hakuna aliyeweza kumwonyesha.

Jiko nimelizima. Fundi amenifungia mashine ya joto ya umeme, Olinda kafuata, Arturo anaulizia. Wengine bado wanawasha. Jana upepo ulishuka toka vileleni, ukalifagia bonde. Nilifungua dirisha nikauona mlima mzima, hadi nyufa za mawe yake. Nimezaliwa chini yake, nikadhani naujua. Nilikaa nikiutazama mpaka supu ikapoa.

Mama yako