Fundo Ambazo Si Zangu

Mama Saitoti,

Mimi niko na miaka sabini na nane. Nimezika ndugu zangu wanne. Nimepita ile miaka ya kiangazi iliyomaliza ng'ombe, na nimeona Kitengela ikiwa nyasi na swara mpaka leo ni ghorofa mpaka nyuma ya boma yetu. Sikujua nitakuzika na wewe. Takwenya. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini siwezi kuanza bila salamu.

Barua hii naandika mimi mwenyewe, usishtuke. Kila siku mchana naenda gumbaru, ile masomo ya watu wazima, pale kanisani, na mwalimu anasema katika wazee wote hakuna anayenifikia. Tuko wazee watatu, lakini amesema.

Sasa nikuambie la pili. Ule mshipi wa shanga ulikuwa unashonea Silantoi, mjukuu wetu, avae siku ya harusi, uliuacha nusu. Wanawake walikuja wakitaka kuumalizia. Nilikataa. Nilisema nimekaa kando yako ukishona miaka arobaini na nane, mkono wangu unajua hiyo kazi hata kama haujaifanya. Lekishon, yule jirani, alinicheka mbele ya watu. "Wewe mzee, kesho tutakuona na mtoto mgongoni." Nikamwambia anyamaze, yeye hata kifungo ya shati hashoni.

Nimejifunza. Sindano ilinichoma mpaka nikaizoea. Sasa naamka, nanawa mikono na sabuni, nakaa mlangoni na mshipi mpaka jua lifike kwa ule mti mbuzi wanakunywa maji. Kila asubuhi, hata Jumapili. Na ugoro nimeacha. Wewe ulinililia miaka thelathini nikakataa, lakini ile unga ilikuwa inashika kwa shanga nyeupe zinakuwa kama meno ya mzee. Wiki mbili tu, nikatupa kopo kwa choo.

Lakini kuna jambo. Nilianza kushuku mtu hapa nyumbani.

Wewe unajua fundo yangu. Mimi nafunga uzi vile nafunga ndama, kubwa, haifunguki. Siku moja nikapitisha kidole nyuma ya mshipi, safu zangu za jana, nikapata fundo ndogo ndogo kama yai ya chawa. Si zangu. Kesho yake tena. Natoka kwenda gumbaru, nikirudi safu yangu imefunguliwa na kushonwa upya na mkono mwingine.

Na mchana nani anabaki hapa? Nashipai peke yake, mke wa kijana wetu Saitoti.

Nikafikiria sana. Nikasema, huyu anataka siku ya harusi wanawake waseme mshipi ni wake. Ama anabadilisha shanga nzuri na zile za bei rahisi. Ama ananicheka na wenzake. Nikaanza kumwangalia. Akileta chai nauliza mbona leo ameleta mapema. Akinyamaza nashuku, akiongea nashuku zaidi. Siku wageni wamekuja nikasema kwa sauti, "Siku hizi hii boma iko na panya ya miguu mbili." Nashipai aliangalia chini, akachukua vikombe akaenda. Hapo nikajua ni yeye. Nilikuwa nimeamua kumwambia Saitoti amrudishe kwao kabla ya harusi.

Basi nikategea. Nikaaga, nikasema naenda Bisil kuangalia bei ya mbuzi. Nikafika kwa barabara ya lami, nikageuka. Nikampata amekaa kwa kiti yangu, mshipi kwa magoti.

"Nani amekutuma ufungue kazi yangu?"

Alisimama mpaka sahani ya shanga ikamwagika. Unajua wewe vile mke wa mtoto hawezi kumwambia baba mkwe amekosea. Afadhali afe. Akainama, akaokota shanga mbili, akaniwekea kwa kiganja bila kunigusa.

"Baba, naomba unisaidie. Hizi zinafanana?"

"Hata mtoto anajua. Zote ni buluu."

Akaendelea kuangalia chini. "Sikutaka watu wakucheke siku ya harusi, Baba."

Sikuamini. Nilifunga zile mbili kwa leso nikapeleka kwa mwalimu, bila kumwambia ni za nini. Akasema hii ni buluu, hii ni kijani. Nikashuku wamepanga. Nikapeleka kwa Lekishon, ambaye hawezi kupanga na mtu. Akasema moja ni mbingu, moja ni nyasi, "na wewe unaniuliza nini, umekuwa mtoto?"

Nikarudi polepole. Njiani nikakumbuka ile kitambaa ya kichwa nilikuletea kutoka Kajiado. Ulikuwa umeniagiza ya buluu. Uliivaa kanisani miaka mingi, na kila mara ulisema, "Nipee ile yangu ya buluu." Juzi nimeitoa kwa sanduku nikamwonyesha Nashipai. Ni ya kijani, Mama Saitoti. Ulijua. Mlijua nyote wawili, wewe na Nashipai, mkaninyamazia, na mimi nikiringa kwa watu macho yangu inaona fisi akiwa ng'ambo ya bonde.

Sikumwambia pole. Mdomo yangu haijajifunza hiyo. Lakini asubuhi nilitoa viti viwili nikaweka mlangoni, nikamwambia, "Kaa. Nisomee rangi." Sasa yeye ananipa shanga, anasema mbingu, anasema nyasi, mimi nafunga. Imebaki upana wa vidole vitatu tumalize.

Lala vizuri, mama ya watoto wangu. Nakuahidi siku ya harusi nitasimama mbele ya wale wale wageni, niseme panya nilisema ni uongo, na mshipi umeshonwa na mikono yako, na ya Nashipai, na yangu. Yangu nitaitaja ya mwisho. Nimejaribu kuisema hivyo peke yangu na inaniuma, lakini nitaisema.

Mtu akisema nimeongeza chumvi, Lekishon ako, mwalimu ako, na Nashipai amekaa hapa kando yangu. Yeye hatasema kitu, lakini ukimwangalia utajua.

Mume wako,
Baba Saitoti