Mzee Walter na Matangazo ya Vifo

Awuor, uko? Nimecheka mpaka mbavu zinauma!

Leo Mzee Walter ametoboa vile alipotea angani 1974. Rubani mzima, Awuor!

Mawingu yalikuwa yamefunika Kisumu yote, haoni hata ziwa. Alikuwa anafuata sindano ya dira ya redio tu, ile inayoelekea mtambo wowote redio ya ndege imewekwa kuupokea, na hapo ilikuwa ule wa uwanja wa ndege. Saa ya matangazo ya vifo redioni ikafika. Si unamjua? Akaihamisha redio hiyo hiyo kwa stesheni ya matangazo asikie nani amekufa huko kwao Kombewa.

Akasahau kurudisha!

Sindano ikageukia mlingoti wa stesheni, na yeye huyo, anaifuata. Ndege nzima inafuata matangazo ya vifo!

Rubani mwenzake, Wepukhulu, ndiye alishtuka: "Bwana, rudisha hiyo redio haraka, ama kesho watatusoma sisi!"