Mama, Palma Nimeiona Peke Yangu

Mama yangu kipenzi,

Assalamu alaikum hapo ulipolala. Palma nimekwenda. Nimekwenda peke yangu, na wewe ndiye uliyeutaka mji ule.

Unakumbuka tulivyouona kwenye televisheni, sebuleni kwetu Nizwa, huku Uarabuni, kahawa ikipoa mkononi? Mji wa bandari, kisiwani Uhispania, uliowahi kuwa wa Waarabu. Uliona vichochoro na milango mikubwa ukasema, "Wallahi, huu Unguja mtupu! Nipeleke, mwanangu, kabla miguu haijanikataa." Nikajibu inshallah, ile inshallah yetu ya kumnyamazishia mtu.

Msikiti mkuu haupo. Pahala pake pamesimama kanisa kubwa linalotazama bahari. Hamamu, nyumba ya kuogea ya zamani, ipo, ndogo, watalii wanaipiga picha. Vijiji vya jirani vingi majina yake bado yanaanza na Bini, kama hizi koo zetu za Bani za huku. Waarabu wenyewe walikwishaondoka zamani.

Bibi mmoja muuza mikate ya kusokota alinieleza, kwa Kiingereza cha kuungaunga, kwamba utotoni mwake lugha ya kisiwa chao ilikatazwa skuli. "Mama yangu aliificha jikoni," alisema. "Jikoni hakuna mwalimu."

Mkate nilionunua niliurudisha karatasini, Mama. Jikoni mwetu mwalimu alikuwamo, na mwalimu mwenyewe ni mimi. Siku ile mawifi zangu walipomcheka Salma kwa kukuomba maji kwa Kiswahili mbele ya wageni, nilikujia juu: "Mama, khalas, usiseme naye Kiswahili! Mtoto atachekwa." Hukubisha. Kiarabu chako kilikuwa cha kununulia samaki tu, basi ukawa unamsuka mjukuu wako nywele kimya kimya. Miaka sita ulimsuka hivyo.

Jana Salma aliikuta sauti yako kwenye simu yangu ya zamani. Ni ile uliyonitumia kutoka hospitali, nimpe aisikilize. Sikumpa. Aliisikiliza mara tatu, akalisikia jina lake, akakusikia unacheka, unakohoa. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa Kiarabu, "Bibi anasema nini?"

Ulisema: "Salma wangu, bibi anakupenda. Usione nikinyamaza, nimekatazwa."

Nikamfasiria, Mama. Nilimfasiria hayo ya mwanzo tu.

Mungu akulaze pema, nami anisamehe.

Mwanao aliyekunyamazisha