Mshike Mwalimu Mo Asipande Ndege

Kijiji cha Shibanping,
Milimani, Sichuan Kaskazini.
Siku ya kumi na nne, mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yetu.

Mpendwa mdogo wangu Guizhen,

Mimi kaka yako Pu Chaolu nina miaka themanini na tatu. Nimeishinda njaa ile kubwa, nimemzika mke wangu, nimemzika mwanangu wa pekee, na yule daktari aliyesema sitamaliza majira ya baridi nimekula wali wa matanga yake. Hata shule ya kijiji nimeishinda. Imefungwa mwaka huu, mimi bado nimesimama.

Hujambo huko Chengdu? Magoti yanasemaje? Shemeji bado anakohoa? Mwambie aache maji baridi. Mimi ni mzima, na meno niliyobaki nayo yote ni yangu mwenyewe.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, usidhani nimeandikiwa. Unakumbuka zamani hata jina langu nililiweka kwa dole gumba. Mwalimu Mo alipotoka kwao Uskoti kuja kuwafundisha watoto wetu Kiingereza, hakujua hata alama moja ya maandishi yetu. Tukaanza pamoja, yeye na mimi, meza ya jikoni, kitabu cha darasa la kwanza. Nilimpita mbali. Alama nisizozijua humu nimechora duara. Mwenye akili ataelewa.

Habari yenyewe ni yake. Ameondoka.

Miaka tisa amekaa chumba cha marehemu mwanangu. Wewe ulimwona zamani, bado anashika vijiti vya kulia kama kalamu. Ungemwona sasa! Asubuhi anatembea na chupa ya maji moto kwapani kama bibi kizee. Mboga anazitia chumvi mtungini na haziozi, za jirani yetu Bi Ruan ndizo zinaoza. Sokoni anagombea bei ya kabichi mpaka muuzaji anaapa kwa mababu zake. Jioni anacheza ngoma uwanjani na akina mama, anakosea hatua, wanamcheka, naye anacheka zaidi yao. Siku ya kusafisha makaburi humchomea mke wangu pesa za karatasi za wafu na kumwambia kwa sauti, "Bibi, pokea, ukanunue nguo. Huyu mzee wako hanunui kitu."

Jeneza langu unalijua, lile lililowekwa sebuleni, zuri kuliko yote ya kijiji. Kila mwaka nalipaka upya utomvu wa mti wa kung'arishia. Safari hii aling'ang'ania kunisaidia. Utomvu ukamwasha, uso ukamvimba kama andazi la mvuke, na bado hakuweka brashi chini. Akasema siku yangu ikifika, yeye ndiye atakayetangulia mbele ya msafara na picha yangu, kama afanyavyo mwana. Nilijifanya sikusikia. Nilisikia.

Sasa shule ikafungwa, watoto wakapelekwa mjini. Tulikuwa tunakula tambi, akaweka vijiti chini. "Babu Pu, nikiendelea kukaa hapa bila shule, sitakuwa mzigo kwako?"

Nikajibu kama mtu aliyelelewa. "Aa, nenda kwenu! Mama yako anakungoja. Mzee kama mimi nina shida gani? Nenda, nenda!"

Guizhen, wewe ni mtu wa kwetu. Nani kwetu hushika neno la kwanza? Ukipewa yai unakataa, unapewa tena unakataa, mara ya tatu ndipo unakula. Yeye mwenyewe amewahi kufukuzana na Bi Ruan mpaka barabarani kwa kipande cha nyama ya kukaushwa kwa moshi, kila mmoja akimtumbukizia mwenzake mfukoni. Mimi nimekaa pale, mdomo uko tayari, nangoja aulize mara ya pili.

Akasema, "Sawa, Babu." Akaondoka akaoshe bakuli.

Bi Ruan alisikia yote kupitia ukutani. Asubuhi akanijia na ufagio.

"We mzee, umemfukuza mtoto!"

"Sijamfukuza. Hiyo ni adabu. Angeuliza tena."

"Aulize tena yeye? Mgeni akisema anaondoka, mwenye nyumba ndiye humshika mkono mara tatu. Wewe umemshika mara ngapi?"

"Miaka tisa, bado ni mgeni?"

"Si ukamwambie hivyo hivyo! Kichwa kama jiwe la kusagia!"

Sikwenda. Mtu wa umri wangu hakimbilii watu. Siku ya safari nilimfungia mzigo wake kamba, nikapiga fundo ambalo hata mimi silifungui, polepole makusudi, nikidhani basi litamwacha. Basi likamngoja.

Juzi nilimpigia simu. Alipopokea nikasema, "Umevaa soksi nene?" Akasema amevaa. Nikakata. Kwenye simu mdomo wangu unatoa adabu tu, ndiyo maana naandika.

Mdogo wangu, nimeshikwa. Kila mlo naandaa bakuli mbili. Ya pili nampa mbwa, naye ameanza kukataa. Chumba nakifunga, nakifungua, hamna kitu. Wote niliowazika, kifo ndicho kilichowachukua, sikuwa na la kufanya. Huyu yu hai, na nimemtoa mlangoni kwa mdomo wangu. Jeneza nalitazama, naona sanduku tu. Nani atatangulia na picha?

Yuko huko kwenu Chengdu, kwa mwanafunzi wake wa zamani. Anayekuletea barua hii atakupeleka. Ndege yake ni siku ya ishirini na tatu, siku ya kumuaga mungu wa jiko. Nenda, Guizhen, na magoti yako hayo hayo. Mshike mkono wa koti, mwambie kaka yangu anasema urudi. Atakataa, maana adabu ameisomea kwetu. Usimwachie. Mwambie tena. Mara ya tatu mwonyeshe mstari huu, sikuchora duara hata moja:

Nyumba ni yako. Wewe si mgeni.

Nisalimie shemeji, na mwanao Yufen, na mkwe wako. Mababu wawalinde, na mchele wenu usiishe mtungini.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye ingawa sijawahi kusema,
Pu Chaolu.

Akisema unatunga, Bi Ruan ni shahidi wa niliyosema mezani. Na dereva wa lori la machungwa aliyekuletea hii, Xiang Kui, ni shahidi wa bakuli mbili, na wa mzee aliyemkuta amekaa kituoni siku ambayo basi haliji.