Aliyelinda Mpunga Wangu Jumapili

Katindiuka, pembeni ya Ifakara
Jumamosi jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko mlimani? Na dada Agnesi, anayeshika barua hii akikusomea, mtoto wake ameanza kukaa? Sisi huku tu wazima. Homa ilimshika mume wangu Kasiani wakati maji yalipojaa bondeni, lakini sasa anatembea na kufundisha kama kawaida.

Barua yako nilikabidhiwa na Mzee Salimu, mwenye duka la nguo Ifakara, naye aliipokea kwa wapagazi waliotoka pwani. Niliifungua pale pale mlangoni kwake. Uliniambia kwamba padre aliisoma barua yangu kanisani, ile niliyoeleza jinsi Mungu anavyolinda mpunga wangu kila Jumapili, na kwamba wasichana wa shule waliambiwa waniige mimi. Ukasema ulitoka kanisani siku ile kila mtu anakushika mkono. Nilihisi uso wangu unawaka. Mzee Salimu akaniuliza, "Kuna msiba, binti yangu?" Nikamwambia hapana. Ingekuwa msiba, ningejua la kufanya.

Mama, nakuomba barua hii nayo isomwe. Isomwe mle mle kanisani, mbele ya watu wale wale. Najua aibu haitaniangukia mimi peke yangu, na wewe hujatenda kosa lolote. Lakini sikiliza kwanza.

Nchi tuliyoikuta huku unaijua kwa habari. Vita vilipokwisha, askari wa boma walipita wakichoma maghala, na walionusurika wakabaki kuchimba ming'oko porini, mizizi inayohitaji kuchemshwa mno ndipo iweze kumezwa. Jirani yetu wa karibu ni mjane anayeitwa Mama Ngwila. Mumewe alikunywa ile dawa ya maji pamoja na wenzake, akaenda vitani, hakurudi. Mama Ngwila alifukia chungu cha mbegu ya mpunga chini ya jiko lake, akalala na njaa juu ya mbegu ile mpaka mvua ziliponyesha. Hakuna asiyejua huku kwamba mavuno ya mwaka huu ndiyo yatakayoamua nani ataishi.

Basi mpunga unapotia maziwa, ndege huja. Kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama lazima mtu akae juu ya dungu, kile kibanda cha miti kinachosimama katikati ya shamba, apige kelele na kurusha madonge ya udongo kwa kombeo. Huko ndiko kuamia ndege. Ukiacha siku moja tu, umewapa chakula chako.

Mimi niliacha kila Jumapili. Unakumbuka padre alivyotuambia siku ya kutuaga: watu wale hawajui kusoma kitabu, watawasoma ninyi. Maneno yale yaliniingia kupita kiasi. Jumapili nilivaa nguo nyeupe, nikapita makusudi njia ya katikati ya mashamba, ili wanawake waliokuwa juu ya madungu yao wanione nikienda kusali na dungu langu likiwa tupu. Jumatatu nilikuta mpunga umesimama, haujaguswa. Nikawaambia wanawake ninaowafundisha sala, "Mnaona? Anayemtumikia Mungu, Mungu humtumikia." Walitazama chini, nami nikadhani ni uchaji.

Siku moja, Jumamosi kama leo, Mama Ngwila alikuja mlangoni kwangu. Alisema, "Mama mwalimu, kesho nakwenda Mchombe kwa dada yangu, anaumwa. Niangalizie shamba langu mpaka nirudi."

Nikamwambia kesho ni siku ya Bwana, siwezi, ila nitamwombea dada yake. Nilimwambia kwa upole, Mama, na huo upole ndio unaonichoma zaidi ninapoukumbuka.

Akasema, "Aa, kweli. Nimesahau." Akaondoka bila kinyongo.

Jumatatu ile nilikuta upande mmoja wa shamba langu umeliwa. Nilipiga magoti kwenye tope, nikasema Mungu ananijaribu. Nilimsimulia Kasiani kwa fahari kabisa kwamba tumehesabiwa kuwa watu wa kujaribiwa.

Jumapili iliyofuata nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Baada ya sala niliwachukua wanawake wangu niwaonyeshe kwa macho yao shamba linalolindwa na Mungu. Waliniambia twende nyumbani, jua kali. Mmoja akasema mguu unamuuma. Sikusikia. Nilitangulia mbele kama ng'ombe aliyeona maji.

Tulipokaribia nilisikia sauti: "Hoo! Hoo! Tokeni, wezi nyie!" Donge likapita hewani, kundi la ndege likaruka. Juu ya dungu langu alikuwa amesimama Mama Ngwila, kitenge amejifunga kiunoni, kombeo mkononi.

Nyuma yangu nilisikia wanawake wanajizuia kucheka. Mmoja hakuweza. "Mama mwalimu," alisema, "Mungu wako ana kombeo zuri." Wakacheka wote sasa, wakishikana mabega, na sikuona ubaya ndani ya kicheko chao. Walikuwa wakijua tangu mwanzo. Kijiji kizima kilikuwa kikijua. Kila nilipokuwa nikitoa ushuhuda wangu, walikuwa wananistahi.

Nikamwuliza Mama Ngwila anafanya nini.

"Naamia ndege," alisema. "Wewe uko kwenye mwiko, si ndiyo? Siku yako hii huruhusiwi kushika kazi."

"Nani amekutuma?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Mwenye mwiko hulindiwa. Aliyefiwa hulindiwa, aliyejifungua hulindiwa. Na wewe ni mgeni. Shamba la mgeni likiliwa, aibu ni ya nani?"

Nikauliza shamba lake analilinda nani. Alijibu kwamba hukimbia huku na huko. Mama, shamba lake liko ng'ambo ya kijito. Nilivuka maji yakanifika magotini na nguo yangu nyeupe, nikapanda ukingo. Nusu ya mashuke yalikuwa yamesimama wima, mepesi. Shuke lenye punje huinama. Nilikamua moja kwa vidole, yakatoka makapi matupu. Jumapili zangu zote zilikuwa pale. Na Jumapili ile ya Mchombe, aliponiomba nami nikamwahidi sala, ndege walikula mpaka karibu na dungu lenyewe.

Jioni nilimwambia Kasiani kwamba Jumapili ijayo nitapanda dungu la Mama Ngwila, nilinde kilichobaki. Yeye si mtu mgumu, unamjua. Aliniuliza tu, "Wanafunzi wako wakikuona huko siku ya Bwana, watasema nini?"

"Watasema nimechelewa."

"Na padre akija kututembelea maji yakipungua?"

"Nitamwambia mwenyewe. Kasiani, yule mama atakula nini?"

Aliinama juu ya kitabu chake, lakini hakufungua ukurasa. Baadaye akasema mpunga wetu na wake uvunwe pamoja, umwagwe kwenye mkeka mmoja, ugawanywe sawa. Nilimwona kuwa mkubwa kuliko mimi, maana mimi nilikuwa bado nafikiri jinsi ya kuisema aibu yangu, yeye akafikiri chakula.

Jumapili iliyopita, basi, tulisali mapema, nikavua nguo nyeupe nikaenda. Sijui kurusha. Madonge yangu yalianguka karibu, na moja lilinirudia kichwani. Mama Ngwila alipanda akakaa nami, akisema amekuja kuwaonea huruma ndege, wasife kwa kicheko. Tulirusha kwa zamu. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za ukoo, "Kila baada ya siku chache mnaacha kazi, mnakusanyika, mnaimba kwa huzuni. Mnamkalia nani matanga?"

Nikamwambia. Nilianza vibaya, kwa maneno ya katekisimu, akanikatiza: alikuwa mtoto wa nani? Alifanya kazi gani? Nani alimuua? Nikajibu kwamba walimuua askari wa serikali.

"Kwa bunduki?"

"Hapana. Walimtundika kwenye mti."

Kombeo likatulia mkononi mwake. Ndege walishuka upande wa kijito wala hakuwatazama. "Mama yake alikuwapo?"

"Alikuwapo. Alisimama chini yake."

"Mume wangu walimtundika bomani," alisema. "Mahenge. Walisema tusiende, na mimi sikwenda." Nilikuwa sijui, Mama. Nilikuwa nikisema tu hakurudi, kama wengine. Kisha akanigeukia, na hakuwa na hasira, ila uso wa mtu aliyenyimwa kitu. "Tunachota maji kisima kimoja tangu mfike. Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

Nilikuwa nimemwekea mfano autazame kwa mbali, na habari yenyewe nikaiweka ndani kwangu kama kitu kisichomhusu mpaka awe safi kama mimi. Alinilindia shamba bila kujua ile siku ni ya nani. Mimi niliyejua, nilipita kati ya madungu yao nikiwa nimevaa vizuri.

Hili ndilo naomba padre alisome, na wasichana walisikie. Wakiona aibu kwa ajili yangu, wasiifiche. Na wewe, Mama, watakapokushika mkono au wasikushike, nisamehe.

Msalimie baba mdogo Petro, seremala, na umwambie sanduku lake halijaingia maji. Msalimie shangazi Martina anayewapikia masista, na bibi, umshikie miguu kwa niaba yangu. Kasiani anakuamkia. Mama Ngwila naye anakusalimu; aliniona nikiandika akasema, "Mwambie mama yako mtoto wake hajui kurusha, ila haondoki." Nimeliandika alivyolisema, ingawa sijalistahili bado.

Kesho ni Jumapili. Ameniagiza niwahi kabla hakujapambazuka vizuri, kwa kuwa anataka kusikia yule mama aliyesimama chini ya mti alifanya nini siku ya pili yake.

Mwanao,
Skolastika