Kulinda Swichi ya Ukutani

Jumamosi, Kimara

Imewaka! Kompyuta ya Mama imewaka, na mitihani aliyowatungia wanafunzi wake imo yote.

Asubuhi nilikubali apdeti ya ile programu inayoiamsha kompyuta, bila kumwuliza Mama, nikaiacha ikiendelea, nikaenda kuoga. Betri ilishakufa zamani, inategemea umeme wa ukutani tu. Shangazi akapita, akazima swichi. Eti umeme unaliwa bure. Niliporudi, apdeti imekatika katikati, kioo cheusi, haiwaki tena.

Nimeshinda nikisoma maelekezo kwenye simu. Jioni nikachomeka flashi yenye faili la kuifufua. Nusu saa, umeme usizimwe.

Kumkataza Shangazi sikuweza. Nikakaa sakafuni, nikaiziba swichi kwa mgongo.

“We Neema, mbona umeganda ukutani?”

“Napumzika, Shangazi.”

Akaniletea uji. Kisha akampigia Mama: “Wifi, njoo, mtoto habanduki ukutani!”

Mama aliingia anahema, akanishika paji la uso, akaona kompyuta ndiyo kwanza inawaka. Nikakiri apdeti. Kuhusu swichi, nilisema umeme ulikatika.

“Leo haujakatika hata mara moja,” akasema Shangazi. “Mie si nipo hapa tangu asubuhi?”

Mama akaniangalia. Nikainama. Mtu atamwambiaje shangazi yake kwamba ni yeye aliyezima…